Jina la Baba Mkwe

Nisikilizeni vizuri, ninyi mnaoanza kazi ya kuwakalimania watafiti. Siku hizi mnapewa semina ya asubuhi moja na begi lenye nembo, kisha mnapelekwa vijijini. Mimi sikupewa begi. Nilipewa kinasa sauti kizito kama kinu na mzee mmoja wa kunifundisha. Nimestaafu majuzi, na kabla sijaanza kusahau ningependa kuwaeleza jambo ambalo semina haitawaeleza: namna ya kuogopa bila kuiharibu kazi. Msione haya mkiogopa. Mimi niliogopa karibu miaka yote, na kazi ilifanyika.

Nilianza miaka ya mwisho ya sitini, Shinyanga mjini, katika chumba cha kupanga kule Kambarage ambacho chuo kikuu kilikiita kituo cha utafiti. Kulikuwa na meza mbili, kabati lisilofungika, na mashine ya kuandikia iliyokatika herufi ya g. Kwa lugha yetu ya Kisukuma, yenye ng' karibu kila mstari, hilo lilikuwa balaa. Tulipiga chapa ukurasa mzima kisha tukajaza g zote kwa kalamu, kama watu wanaopanda mbegu zilizorukwa.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Wahadhiri walikuja kutoka Dar es Salaam na maswali yao kwa Kiswahili. Watu wa vijijini wengi walijibu kwa Kisukuma, kwa kuwa ndiyo lugha ya kuwazia. Sisi tulikaa katikati. Jioni tulisikiliza tepu na kuandika kila kilichosemwa, neno kwa neno, hata kikohozi kikiwa na maana.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Luhende. Alikuwa amekalimani mahakamani tangu enzi za Mwingereza, na alivaa tai hata siku ambayo kuku wenyewe walikataa kutoka kivulini. Alisema tai ilimkumbusha kwamba yuko kazini na kwamba maneno anayoyasema si yake. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata mvua iwe mlangoni: kabla ya kuondoka nyumbani kwa mtu, alimsomea mtu yule alichosema. Wahadhiri walitazama saa zao. Yeye aliendelea kusoma. Mtu akisema, "Hapo sikusema hivyo," alifuta na kuandika upya, kisha akasoma tena tangu mwanzo.

Mimi nilikwama mapema sana, na nilikwama kwenye jina. Tulikuwa kwa mkulima mmoja wa pamba.

"Mwulize jina lake," mhadhiri akaniambia.

Nikamwuliza. Akajibu. Nikanyamaza.

"Anaitwa nani?"

"Ana jina zuri," nikasema.

Mhadhiri akanitazama kama aliyeletewa chai baridi. Mzee Luhende, nyuma yangu, akaanza kucheka mpaka tai ikapinda.

"Dokta, hata ukimpa binti huyu ng'ombe hatalitaja. Ni jina la baba mkwe wake."

Kwa wale msiotoka huku, niwaeleze. Kwetu mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba wa mumewe. Wala hamtaji mtu mwingine mwenye jina hilo, na jina likifanana na kitu, kitu hicho nacho hutafutiwa neno lingine. Mama yangu mkubwa alikuwa na mkwe aliyeitwa Mabula, na mbula kwetu ni mvua. Maisha yake yote ya ndoa, mvua aliiita "yale ya juu". Hata ilipokuja gharika ikabeba mbuzi wake, alitoka nje akipiga kelele, "Yale ya juu yameniua!" Hakuna aliyemcheka. Hiyo ndiyo heshima.

Nilidhani Mzee Luhende angeniachisha kazi. Tuliporudi ofisini alilegeza tai, akasema, "Tangu leo hatuandiki majina."

"La mkwe wangu?"

"Ya wote. Nimekaa mahakamani miaka mingi, binti yangu. Kila mtu niliyemwona akitafutwa, alitafutwa kwa jina. Sijaona askari aliyetumwa kumleta mwanamume wa makamo mwenye ng'ombe wachache."

Basi tukaandika hivyo: mwanamume wa makamo, mwenye ng'ombe wachache. Mwanamke mjane, mkulima wa pamba. Wahadhiri walinung'unika, kisha wakazoea. Tepu nazo zilikuwa adimu. Tukishanukuu, tulirekodi juu yake sauti ya mtu mwingine. Wakati ule tulilalamikia uhaba huo. Baadaye niliushukuru.

Ikaja miaka ya katikati ya sabini, watu walipokusanywa kuishi katika vijiji vipya. Sitaki kuwahubiria siasa yake. Wapo waliopata shule na zahanati huko, na wapo waliopoteza mengi. Waulizeni wenyewe, ndiyo kazi yenu. Ninalotaka kuwaeleza linahusu neno moja tu.

Chuo kilimleta mwanafunzi wa shahada ya pili, binti wa Tanga aitwaye Tunu, aje kuandika tasnifu juu ya maji na mashamba katika vijiji hivyo. Msimamizi wake, Dokta Mbonea, alikuja naye. Tunu alikuwa na Kiswahili cha kuzaliwa nacho, laini, na wanawake wa vijijini walipenda kumsikia na kumtania. "Hebu sema tena 'tafadhali'," walimwambia, "kisha uje ukamue ng'ombe kwa hiyo tafadhali yako." Akajaribu kukamua. Ng'ombe akampiga teke, na tangu siku hiyo hakukosa mtu wa kuzungumza naye.

Katika kijiji kimoja upande wa Songwa tulizungumza na mzee ambaye nitamwita Baba Minza. Hakuwa na binti wa jina hilo, kwa hiyo msijisumbue. Jina lake halisi lilikuwa lilelile la baba mkwe wangu. Upande ule ni jina la kawaida. Ukiliita mnadani watageuka wengi.

Alitueleza juu ya shamba lililobaki mbali, juu ya kihenge cha mtama kilichoachwa, juu ya makaburi ya wazazi ambayo sasa ng'ombe wa wengine walipita juu yake. Tunu alikuwa akiandika hapohapo. Nilipoanza kumsomea, nilisoma alivyoandika: tulihamia hapa. Ndilo neno lililokuwa likitumika redioni kila siku, na kalamu yake ililifuata bila kufikiri.

Mzee akainua mkono. Akasema kwa Kiswahili, polepole, ili Tunu amsikie bila mimi.

"Sikusema hivyo. Kuhama nakujua. Baba yangu alihama kufuata majani. Alichagua siku mwenyewe, akatanguliza mbegu. Mimi nilitoka machungani nikakuta paa langu liko chini. Tulihamishwa. Andika hivyo."

Tunu akafuta, akaandika tulihamishwa. Ukihamia mahali, umekwenda kwa miguu yako. Ukihamishwa, kuna mkono wa mtu humo ndani ya neno, hata kama mwenye mkono hakutajwa. Baba Minza aliuona mkono ule, akataka uandikwe. Nikamsomea tena tangu mwanzo. Akaitikia kwa kichwa, akatupatia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, tutafune njiani.

Kibali cha utafiti kilidai kwamba nakala ya kila sura ipelekwe ofisi ya serikali iliyokitoa. Tunu akaipeleka. Kisha tukaitwa.

Afisa aliyetuita alikuwa mtu wa huku huku, aliyekulia machungani kama sisi. Alitukaribisha kwa adabu, akaagiza chai. Ile adabu ndiyo iliyonitisha. Mtu akikufokea unajua amefika wapi. Huyu alikuwa bado hajaanza. Kwenye kona karani alikuwa akipiga chapa. Mlangoni aliketi tarishi mzee na kofia yake magotini. Wakati ule watu waliitwa kwenye ofisi za namna ile kwa mazungumzo mafupi, na wengine mazungumzo yao yalirefuka, na wake zao wakawa wanapeleka chakula mahali ambapo hawakuambiwa ni wapi.

"Dokta," afisa akasema, "watu wetu hawa Kiswahili chao ni cha kuokoteza. Mtu anakuambia 'nimejengwa nyumba' kumbe amejenga mwenyewe. Hili neno ni kosa la lugha. Alitaka kusema walihamia. Lirekebisheni, mmalize masomo yenu salama."

"Ningelijua kosa la lugha, mzee," Tunu akasema. "Na mwenyewe alilirudia."

"Binti, umekuja kusoma au kutufundisha?"

Dokta Mbonea akaweka kikombe mezani. Nilikuwa nimeketi pembeni yake. Goti lake lilikuwa likitetemeka chini ya meza, na sauti yake haikutetemeka. Sijui aliwezaje.

"Mwanafunzi akikosea hesabu, namsahihisha," akasema. "Akikosea hoja, namsahihisha. Maneno aliyoambiwa na mtu siwezi kuyasahihisha. Siku nitakapoanza kuyasahihisha, nitakuwa sina tena cha kumfundisha."

Vijana, nyinyi mnasikia uhuru wa kitaaluma ukitajwa kwenye mihadhara. Mimi sikuwa nimewahi kuisikia ibara hiyo. Niliuona kwa mara ya kwanza pale, ukiwa na goti linalotetemeka.

Afisa akatabasamu. "Vizuri. Basi nipeni aliyesema, nimwulize mwenyewe alikusudia nini. Hapo kuna ubaya?"

Akafungua kalamu.

"Anaitwa nani?"

"Simjui kwa jina," Tunu akasema, na ilikuwa kweli.

"Wala mimi," akasema Dokta.

Afisa akanigeukia, akaacha Kiswahili. "Mayu," akaniambia kwa Kisukuma, yaani mama, kwa heshima kabisa. "Wewe ulikaa naye. Ulizungumza naye lugha ya nyumbani. Anaitwa nani?"

Nilimwona mume wangu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akiambiwa asije tena. Niliwaona mapacha wangu, Kulwa na Doto, wakirudi shule wasinikute. Na nilimwona Baba Minza akipandishwa kwenye Landrova, tena kwa mkono wa mtu. Nilijua nikimtaja, hakuna mwanakijiji atakayemwambia mtafiti yeyote neno la kweli tena, na chuo kitabaki kuandika ya redioni. Ningependa kuwaambia niliyawaza hayo kwa ushujaa. Niliyawaza huku nikitaka kwenda msalani.

"Ana jina la baba mkwe wangu," nikasema.

Mashine ya karani ikanyamaza.

"Unanichezea."

"Sikuchezei, baba. Umezaliwa huku. Mkeo anamwita nani baba yako?"

Tarishi mlangoni akakohoa, kikohozi kirefu kisicho cha ugonjwa. Afisa akasukuma karatasi na kalamu mbele yangu.

"Usitaje, basi. Andika."

"Mkono nao umeolewa, baba."

Karani akainama chini ya meza kuokota kitu ambacho hakikuanguka. Afisa hakucheka. Aliitazama karatasi ile tupu, kisha akasema taratibu kwamba mume wangu hakuolewa na mtu, na kwamba jina la baba yake atalitaja.

Na alilitaja, angekataaje kutaja jina la baba yake mwenyewe? Afisa alipolipata alifurahi. Akaitisha mkutano kijijini, akaniamuru niende kukalimani. Nilielewa kwa nini. Alitaka kuyatazama macho yangu, aone yatamwangukia nani.

Njia nzima nilijizoeza mahali pa kutazama, nikachagua gurudumu la Landrova. Watu walipokusanyika, nililitazama gurudumu lile mpaka nikajua kila jiwe lililokwama humo. Afisa akaita jina. Wazee kadhaa wakasimama, maana kama nilivyowaambia, upande ule ni jina la wengi. Baba Minza alikuwa mmoja wao. Nilijua kwa sauti ya fimbo yake, maana ilikuwa na chuma mwishoni.

"Ni yupi kati ya hawa aliyezungumza na watu wa chuo?" afisa akauliza. Nikakalimani. Wanaume wakasema walikuwa machungani siku hiyo, wote. Akamgeukia mwanamke wa kwanza.

"Wewe."

"Bwana mkubwa, huyo ni mkwe wangu."

"Yupi?"

"Ndiyo hivyo. Siwezi kusema."

Akamwonyesha kidole wa pili. Mkwe. Wa tatu, bibi kizee mwenye kiko, naye akasema mkwe.

"Bibi, na umri huo bado una mkwe?"

"Mkwe hazeeki, baba."

"Haiwezekani wote muwe na mkwe mmoja!"

"Kijiji kimoja," bibi akasema. "Si mlituweka pamoja wenyewe?"

Kicheko kikapita, kikakatika ghafla, kama watu waliokumbuka walipo. Mgambo wawili waliokuwa nyuma ya gari wakasogea mbele. Mtoto akaanza kulia, akazibwa mdomo kwa ziwa. Hapo nikamsikia Baba Minza.

"Kwani mtu huyo alisema neno gani baya?"

Afisa alikuwa amechoka, na jua lilikuwa kali. Akasema kwa sauti kubwa, "Alisema mlihamishwa!"

Alinitazama ili nikalimani. Ningeweza kulilainisha; katika lugha yoyote kuna neno laini lililokaa karibu na neno gumu. Nikalisema kwa Kisukuma kama lilivyo, na mkono wake ndani.

"Eee," watu wakaitikia. Si kwa kelele. Kwa pamoja, chini chini, kama wanavyoitikia msibani.

"Wanasema nini?"

"Wanasema ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, kwa neno ulilolisema."

Akanitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nimelipoteza gurudumu langu, nikajikuta namtazama yeye. Kisha akaamuru turudi.

Nilirudi nimeketi kando yake. Tulipoziona taa za mji akanigeukia. "Mke wangu," akasema, "humwita baba yangu 'yule wa ng'ambo'." Sikujua kama ananisamehe au ananionya, na mpaka leo sijui.

Baada ya hapo tulingoja. Kungoja ndiko kulikoniumiza kuliko mkutano. Kila Landrova iliyopunguza mwendo Kambarage, nilihesabu watoto wangu. Mume wangu alihamishiwa kiwanda cha mbali, akaniuliza kwa mzaha wa uchungu kama amehamia au amehamishwa. Dokta Mbonea aliondolewa ukuu wa idara. Tunu aliniandikia kwamba kwenye kikao cha mwisho Dokta aliombwa tena alibadilishe neno, akasema tena yaleyale, na tasnifu ikapita na neno lake ndani. Kijijini hakuna aliyechukuliwa. Kibali chetu cha eneo lile hakikutolewa tena.

Mzee Luhende alikuwa ameshastaafu. Nilikwenda kumweleza yote, nikitegemea anisifu kidogo.

"Ulimsomea?" akauliza.

"Nilimsomea."

"Basi," akasema, akaomba maji.

Miaka ya themanini nilipelekwa upande wa Geita, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, watu waliouza kwa siri na kulala na masikio wazi. Siku ya kwanza nilimwuliza mchimbaji mmoja jina lake. Alichukua sururu yake akaondoka, na mashimo yote ya jirani yakawa matupu. Mama muuza uji akanihurumia. "Huku humwulizi mtu jina, mama," akasema. "Unamwuliza umwiteje." Kesho yake nikaanza upya, nikapata Nusu Koti, Babu Ndoo, na mmoja aliyejiita Mchungaji ambaye sikumsikia akiomba hata mara moja. Walinieleza mambo ambayo yalijaza tasnifu za watu watatu. Nilishangaa kwamba nilitumia miaka yote ile kujificha nyuma ya mkwe wangu, na kumbe swali lenyewe lilikuwepo, jepesi namna hiyo.

Muda mfupi kabla ya kustaafu nilikutana na Baba Minza mnadani Songwa. Alikuwa amepinda, na fimbo ilikuwa ileile. Tulisalimiana kirefu, kama inavyotakiwa, mpaka ng'ombe wake akaanza kuondoka.

"Lile neno langu," akauliza, "bado lipo huko chuoni?"

"Lipo. Liko maktaba. Wanafunzi wanalisoma."

"Na jina langu?"

"Halipo."

"Wabeja," akasema, asante, akamfuata ng'ombe wake.

Kwa hiyo kesho ukifika kwa mtu na kinasa sauti chako, salimia mpaka mwisho, kaa unapoonyeshwa, kisha usimwulize jina lake. Mwulize, "Nikuiteje?" Andika hilo, na kabla hujaondoka msomee alichosema.